Kabla hujashika spana, uliza: maneno yangu kwenye mkutano wetu wa magari ya zamani

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi kwenye mkutano wetu wa kufunga mwaka, pale uani gereji. Wengi mlikuwa safarini, wengine mvua iliwakatisha tamaa, na mmeomba niiweke yote kama ilivyokuwa. Nimeiandika kutoka kwenye rekodi ya simu, nimeacha tu zile sehemu ambazo jenereta lilinizidi sauti.

Wazee wangu shikamooni. Wenzangu habari za asubuhi. Na nyie vijana mliokaa juu ya matairi kule nyuma, mambo vipi, sogeeni basi, haya magari hayang'ati, yanavuja oili tu.

Nimepewa dakika ishirini. Mwenyekiti ananijua vizuri, ndo maana kaniwekea saa hapa mezani kama mtoto wa shule.

Naomba nianze na swali. Nani hapa ameshawahi kufungua injini siku nzima, kabureta chini, plagi chini, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, halafu ikaja kujulikana kwamba tatizo lilikuwa petroli imeisha? Nyosha mkono. Usimwangalie jirani, nyosha wewe. Haya, naona mikono kama ishirini, na kuna wawili wamekunja mikono makusudi, nawajua na tarehe naijua.

Mimi ni wa kwanza. Na shahidi wangu yupo hapa hapa, amekaa mbele na kitenge cha bluu. Mama, shikamoo. Naomba ruhusa niseme ile habari ya Mapinga. Amekubali, kacheka, basi naendelea.

Wapya hamjui, kwa hiyo nieleze. Huyu mama ana Volkswagen Beetle ya mwaka 1959. Ilikuwa ya marehemu mume wake, mwalimu, na mzee alipofariki gari ikabaki chini ya mwembe miaka kumi na tisa. Kuku walikuwa wanatagia kwenye siti ya nyuma, sitanii, tulitoa mayai. Watoto wake walishaongea na jamaa wa chuma chakavu, mkokoteni umeshafika mpaka getini, mama akasimama mlangoni akasema hili haliondoki. Ndo tukaitwa sisi. Tukaenda, Jumamosi baada ya Jumamosi, miezi minane, watu kumi. Ile injini ya Beetle mnaijua, silinda nne zimelala pande mbili, inapozwa na upepo, haina rejeta wala maji, ukiielewa inakuheshimu. Tukaifungua yote, ringi mpya, gasketi mpya, breki mpya, nyaya mpya kwa sababu panya walishamaliza za zamani.

Siku ya majaribio tukasema twende Bagamoyo. Mama nyuma na kapu lake la machungwa, sisi mbele na kwenye magari mengine mawili tunamsindikiza kama bibi harusi. Tumefika Mapinga, gari ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima.

Jamani, mafundi watano tulishuka. Mmoja anasema koili, mwingine anasema hapana hizo ni pointi, wa tatu yeye kila siku kwake ni kabureta hata ukimwambia unaumwa jino. Tukafungua. Saa nzima na nusu jua la mchana linatupiga utosini, tunapuliza jeti, tunasugua plagi, hakuna kitu. Mama yuko siti ya nyuma anamenya chungwa. Halafu akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Wanangu, kwani kile kijiti cha miguuni mmeshakigeuza?"

Kijiti gani?

Sasa sikilizeni vijana. Beetle za miaka ile hazikuwa na geji ya petroli, geji ilikuja kuwekwa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Kabla ya hapo kulikuwa na koki ndogo pale mbele ya miguu ya dereva, gari ikianza kukohoa unaigeuza kwa mguu unapata akiba, kama lita tano hivi, zinakufikisha kwenye kituo. Mama akasema, "Marehemu alikuwa anakipiga kwa kiatu, afu ananiambia haya mke wangu tuanze kutafuta petroli." Tukakigeuza. Ikawaka mara ya pili tu.

Sasa najiuliza na nawauliza nyie. Yule mama alikaa kwenye ile gari zaidi ya miaka ishirini, alipelekwa nayo leba, alizikia watu nayo, aliendea harusi nayo. Sisi tulikuwa nayo miezi minane. Kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza? Tuseme ukweli maana tuko wenyewe. Hatukumuuliza kwa sababu ni mwanamke, ana miaka 74, na sisi ndo mafundi. Basi. Hakuna sababu nyingine.

Kabla hujashika spana, uliza. Nitalirudia hilo leo mpaka mlichoke. Kuuliza si ujinga, tumeimbishwa hivyo tangu darasa la kwanza, lakini mtu akishavaa ovaroli anasahau.

Haya. La pili ni kutu.

Kuna ndugu yetu hapa, sitamtaja, mwenyewe anajijua na ameshaanza kuinamisha kichwa, alinunua Land Rover 109 kutoka Tanga. Nzuri! Kijani imepakwa inang'aa, matairi mapya, muziki ndani. Akatuletea picha, akasema nimepata ya bei poa na Land Rover haili kutu, bodi yake ni aluminiamu.

Ni kweli bodi ni aluminiamu. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, vita vimetoka kuisha, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, lakini aluminiamu ilikuwepo, ndo wakakunjia bodi. Hata ile rangi ya kijani ya mwanzo ilitokana na rangi ya jeshi iliyobaki, ya ndani ya ndege. Walitumia walichonacho, na hilo nalipenda sana maana ndo maisha yetu hapa gereji. Lakini jamani, chesisi ni chuma! Chesisi ya Land Rover, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ni boksi la chuma, lina uwazi ndani, na maji yakiingia mle hayatoki, yanakaa yanakula taratibu kutokea ndani, wewe nje unaona rangi tu. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma kukiwa na unyevu, hasa wa chumvi, aluminiamu yenyewe inaanza kuoza, inatoka unga mweupe.

Tukaileta hapa. Mzee wetu, fundi wetu mkongwe, akachukua nyundo ndogo, akaanza kugonga chesisi kuanzia mbele. Ngo, ngo, ngo, sauti ya chuma. Akafika katikati. Pu. Akagonga tena, pu. Gonga ya tatu nyundo ikaingia ndani na haikutoka mpaka tulipoivuta. Chini ya ile rangi nzuri kulikuwa na puti, chini ya puti kuna gunia, nasema gunia, la katani, mtu kalijaza mle kisha kasiliba juu.

Sasa huyu ndugu alipopiga simu Tanga, baada ya kununua, nasisitiza baada, akaongea na utingo wa zamani wa ile gari. Utingo akamwambia bila hiyana, "Hiyo si ilikuwa inabeba samaki? Miaka tisa, samaki na barafu, na chumvi ya kukaushia." Miaka tisa ya maji ya chumvi yanachuruzika kwenye chesisi! Simu ya dakika tatu ingemwokoa mamilioni. Yule utingo alikuwa tayari kusema, hakuna aliyemuuliza.

Ilituchukua mwaka kuichomelea. Tulikata vipande vya chuma upya, mita kwa mita, gari imeegeshwa juu ya mawe tumepima kwa uzi na bomba la maji isije ikapinda. Leo inatembea, ipo pale kwenye ukuta, ndo ile. Rangi hatujapaka na ni makusudi, mimi ndo nimekataa. Kwenye kikundi hiki rangi ni kitu cha mwisho. Mtu akija na gari, na jambo la kwanza analotuambia ni rangi gani anataka, namwambia nenda kalale chini ya gari kwanza, ukitoka na mchanga machoni tutaongea.

Nisogee, saa inakimbia. Nataka niwape habari ya hii Peugeot 404 hapa nyuma yangu, maana ndo imetukutanisha leo.

Wazee mnaijua Pijo, mmezaliwa mmeikuta au mmepelekwa nayo shule. Vijana, hii gari ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake limechorwa na Pininfarina wa Italia, injini yake imelazwa upande kwa pembe ya nyuzi 45 ili boneti iwe chini, gia iko kwenye usukani. Na huku kwetu ilikuwa mfalme. Safari Rally, mbio zilizoanza mwaka 1953 na zilikuwa zinazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, 404 imezishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1963 na ile ya 1968 mvua ilinyesha hadi barabara zikawa uji, zilimaliza gari saba tu kila mwaka, na zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff kwenye 404. Zile mbili za katikati ni Bert Shankland na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa mtu wa hapa hapa Tanzania. Kwa hiyo mkiona mzee anaipigapiga Pijo bodi kwa kiganja kama anamsalimia ng'ombe wake, msimcheke, anajua anachokifanya.

Ya kwetu hii tuliikuta Morogoro, haina vioo, haina siti, mti umeota ndani. Miaka miwili na nusu tumehangaika nayo. Spea tumetafuta Gerezani ya Dar, tumetafuta Nairobi, kuna taa moja ya nyuma ilikuja kwenye begi la nguo la shemeji yangu kutoka Ufaransa na forodha waliifungua wakadhani ni kitu cha hospitali. Sawa, tukafika mwisho, injini inaunguruma, tukaanza kuizungusha mtaani. Wiki ya pili tukasikia nyuma kwenye difu, yale meno yanayozungusha magurudumu ya nyuma, kuna mlio. Unalia kama mbu. Tukamwaga oili ya difu kwenye beseni.

Ilikuwa inang'aa. Nawaambia ilikuwa nzuri kuitazama, kama mtu kamwagia unga wa dhahabu. Kijana mmoja akasema bosi tumetajirika.

Mzee wetu akachovya kidole, akakisugua, akanusa. Akauliza, "Mmeweka oili gani?" Tukamwambia, tena kwa kujisifu, tumeweka oili ya difu ya kisasa, ile ya bei, yenye EP, yaani dawa za kulinda meno kwenye mgandamizo mkubwa. Mzee akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Hii zamani tulikuwa tunaipa mafuta ya nyonyo."

Mlicheka. Msikatae, mlicheka, na mimi nilicheka. Tukadhani mzee anachanganya habari, mafuta ya nyonyo si ya kupaka watoto nywele na kulainisha tumbo? Mmoja akamuuliza, babu, na karafuu hatuweki?

Lakini mzee alikuwa sahihi. Difu ya gari za kawaida ina krauni na pinioni, gurudumu kubwa la meno na dogo linalolizungusha, vyote chuma. Difu ya 404 siyo hivyo, ina kitu kama skrubu nene ya chuma ambayo inazungusha gurudumu la meno la bronzi, na pale meno hayabingirishani, yanasuguana, yanateleza muda wote. Yanahitaji oili inayoshika kama ulimbo. Enzi hizo mafuta yaliyoweza kazi hiyo yalikuwa yanatengenezwa kwa nyonyo, baadaye ndo zikaja oili maalumu za viwandani. Na hizi oili za EP nyingi zina dawa za salfa ndani yake, nzuri sana kwa chuma, lakini bronzi inaweza kutafunwa nazo. Ile dhahabu kwenye beseni ilikuwa ni difu yenyewe. Tulikuwa tunaitafuna gari kwa hela yetu wenyewe!

Na mzee alikuwepo siku tunaweka ile oili. Alikuwa amekaa pale kwenye lile benchi, mita tano, anakunywa kahawa. Nilipomuuliza kwa nini hukusema, alinijibu kwa heshima zote, "Mwanangu, hamkuniuliza. Na mlikuwa na simu mkononi mnasoma, nikadhani mnajua zaidi."

Nililala vibaya siku ile. Kwa sababu nilipiga hesabu. Mafundi waliofundishwa kwenye hizi gari zikiwa mpya, mtu aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1965, leo ana umri gani? Wamebaki wangapi hapa mjini? Kati ya hao wangapi bado wanakumbuka, na wangapi wanaulizwa? Spea utapata, hata isipokuwepo utachonga, tuna watu wa mashine za kukereza hapa mjini wanaochonga kitu chochote ukiwapa sampuli. Lakini habari ya mafuta ya nyonyo utaichonga wapi?

Difu tuliipata nyingine, ya pikapu iliyokufa Dodoma, tukaisafisha mpaka tone la mwisho, maana oili ya nyonyo na oili ya kawaida hazikai pamoja. Tumeweka inayotakiwa. Hailii tena.

Sasa kuna watu wanasema, na wengine mko hapa, kwamba ninyi mnajitesa, si mngepiga injini ya Toyota na difu ya Toyota, mambo yakaisha? Najua hili linatugawa, mwaka jana karibu watu washikane mashati hapa. Mimi msimamo wangu siyo mkali kama mnavyosema. Gari inayotembea na injini ya Toyota ni bora kuliko gari halisi inayoliwa na mchwa. Ninachoomba ni kimoja tu, usikate. Usikate chesisi, usikate ukuta wa injini, toboa unachoweza kuziba, na injini yake ya asili ipake grisi uifunike uiweke, ili mjukuu wako akitaka kurudisha arudishe. Joginder Singh mwaka 1965 alishinda Safari na Volvo ambayo ilikuwa ya mtu mwingine, mtumba wa mbio za mwaka uliotangulia, yeye na mdogo wake Jaswant. Mkweche wa wenzake ndo uliompa ushindi. Kwa hiyo sidharau gari lililopita mikono mingi. Nadharau msumeno wa haraka.

Na hapa ndo nina ombi, halafu nakaa. Mwenyekiti, ndiyo, naiona saa.

Mnakumbuka ile Morris Minor yetu ya kwanza kabisa? Tuliibomoa kwa furaha siku moja, watu kumi na tano, kila mtu kashika spana, hakuna picha, hakuna kuandika. Boliti zote kwenye ndoo moja. Mwaka mzima tulikuwa tunaangalia ile ndoo. Tulipomaliza kuifunga zilibaki boliti kumi na moja na mpaka leo hakuna anayejua zinakaa wapi, na aliyeinunua tulimpa kwenye mfuko wa nailoni kama zawadi. Baada ya pale tukajifunza, picha kabla ya kufungua, kila sehemu na kopo lake la Blue Band, limeandikwa kwa maka. Hiyo tunafanya vizuri.

Lakini yaliyo kwenye vichwa vya wazee hatuna kopo lake. Nimenunua daftari, hili hapa, kubwa la kaunta, jalada gumu. Ukurasa wa kwanza nimeshaandika habari ya kijiti cha miguuni na jina la mama nimeliweka kwa ruhusa yake. Wa pili ni mafuta ya nyonyo. Kuanzia Januari kila Jumamosi, kabla boneti haijafunguliwa, kijana mmoja anakaa na mzee mmoja au na mwenye gari, nusu saa, anauliza. Gari ilikuwa ya nani, ilibeba nini, ililala wapi, ilikuwa na tabia gani asubuhi ya baridi, nani aliitengeneza mara ya mwisho na alilalamika nini. Anaandika kwa mkono wake. Mkirekodi kwa simu sawa, lakini andikeni pia, simu zinaibiwa. Habari ya mchango wa chai mweka hazina atawaeleza, mimi huko siingii.

Na jingine dogo lakini linaua: zile breki za zamani, pedi na viatu vyake vya breki, vingi vina asbesto. Naona bado mnapuliza vumbi lake kwa kompresa na sigara mdomoni. Acheni. Lowanisha kwa maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa. Hilo nimeshamuuliza daktari kwa niaba yenu, hamna haja ya kuuliza tena.

Sasa tuiwashe hii Pijo, watu wamekuja kwa ajili yake hawakuja kwa ajili yangu. Ila kuna aibu ndogo. Betri imekufa tangu asubuhi, kuna mtu aliacha taa zinawaka akipiga picha, tutamjua. Lakini 404 ina tundu pale mbele chini, na hendeli yake iko kwenye buti, ile ya asili.

Vijana watatu njooni mbele. Wewe, na wewe mwenye kofia, na binti yangu pale njoo. Hapana, subirini, msishike kwanza. Kaeni hapa mbele ya mzee. Muulizeni.

Mmemsikia? Amesema dole gumba lisizunguke hendeli, liwe upande mmoja na vidole vingine, na mvute kwenda juu, msisukume kwenda chini, kwa sababu injini ikirudisha teke hendeli litawaponyoka, na ukiwa umelikumbatia kwa gumba linavunja mkono. Ameonesha na kovu lake. Binti, andika kwenye daftari, ukurasa wa tatu.

Haya. Gia imetoka? Choki imevutwa? Mama, sogea kidogo na kiti chako, hapo moshi utakufikia. Mzee, tunakusubiri wewe, hesabu.